Gari la Mradi Linalowashwa kwa Kitufe: Somo Kuhusu Kufunga Alamu na Kiwashio cha Rimoti



Miaka michache iliyopita gari la kliniki yetu inayotembelea vijiji lilikuwa likiteremka mlimani usiku. Ndani alikuwemo mama mwenye uchungu wa uzazi, mama mkwe wake, muuguzi na dereva. Katikati ya mteremko taa zote za dashibodi zilizimika kwa pamoja na injini ikanyamaza. Dereva alimwambia muuguzi, "Sista, shikilieni, usukani umekuwa mgumu." Kwa neema ya Mungu na kwa uzoefu wake alilisogeza gari kando ya barabara na kulisimamisha. Baada ya dakika kumi lilikubali kuwaka, likazimika tena, likawaka tena. Mama yule alifika hospitali akiwa amechelewa sana. Alijifungua salama, lakini hakuna aliyelala usiku ule.

Kesho yake fundi mwingine alifungua dashibodi. Chini ya usukani alikuta boksi dogo la alamu tuliyofungiwa miezi mitano kabla. Yule aliyeifunga alikuwa amekata waya mkuu unaopeleka umeme injini inapowashwa, akaupitisha kwenye rilei ndogo isiyolingana na mzigo ule, kisha akaunga kwa kusokota nyaya na kuzizungushia tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Waya ulikuwa mweusi kwa kuungua.

Kosa halikuwa la fundi peke yake. Kamati yetu, nami nikiwemo, ilikuwa imeidhinisha kazi ile katika kikao kwa sentensi moja tu: "Gari lifungwe alamu." Hatukuuliza alamu gani, itafungwa wapi, nani ataikagua. Somo hili limeandikwa ili kamati nyingine isirudie kosa letu.

MALENGO YA SOMO

Mwishoni mwa somo hili wanakamati wataweza:
• kueleza jinsi gari la kitufe linavyowaka na kwa nini linahitaji uangalifu wa pekee;
• kuamua kama gari lao linahitaji alamu peke yake, au alamu pamoja na kiwashio cha rimoti;
• kusimamia kazi ya fundi hatua kwa hatua na kuikagua kabla ya kulipa;
• kuweka utaratibu wa funguo na kumbukumbu unaowaridhisha waumini na wafadhili.

1. GARI LA KITUFE LINAWAKAJE?

Katika gari la zamani ufunguo wa chuma ulizungusha swichi, na swichi ilipeleka umeme kwenye stata. Fundi yeyote aliyezijua nyaya nne au tano za swichi ile aliweza kufunga alamu.

Gari la kitufe ni tofauti. Ufunguo wake ni redio ndogo. Dereva akishika kitasa au akibonyeza kitufe, gari hutoa wito wa mawimbi ya redio unaosikika karibu tu, takriban hatua moja au mbili. Ufunguo ulioko mfukoni huujibu wito huo kwa msimbo wake. Kompyuta ya gari hulinganisha msimbo na ule uliomo katika kumbukumbu yake. Ikiridhika, hufungua kufuli la usukani, na kama dereva amekanyaga breki na gia iko kwenye P, huwasha injini. Mtu akibonyeza kitufe bila kukanyaga breki, gari hupata umeme wa redio na dashibodi tu, injini haiwaki.

Sehemu ya kompyuta inayokataa kuwasha injini bila msimbo sahihi huitwa imobilaiza. Tangu mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zinadai magari mapya yawe nayo, na Kanada ilifuata mwaka 2007. Ndiyo kinga kubwa ya gari lenu, na mlilipewa pamoja na gari.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba katika magari haya amri nyingi hazipiti tena kwenye waya mmoja mmoja. Kompyuta za gari huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mafundi huziita nyaya za kani. Nyaya hizi hubeba ujumbe kwa umeme mdogo sana. Fundi anayezigusa kwa taa ya majaribio ya kizamani anaweza kuharibu kompyuta yenye thamani kubwa kuliko alamu yenyewe. Apimapo atumie mita ya kidijitali.

2. ALAMU NA KIWASHIO CHA RIMOTI NI NINI?

Alamu hupiga king'ora na kuwasha taa mlango unapofunguliwa, boneti inapoinuliwa au gari linapogongwa. Nyingi huwa pia na rilei ya kuzuia stata isifanye kazi.

Kiwashio cha rimoti ni kifaa kinachowasha injini dereva akiwa mbali na gari. Asili ya matumizi yake ni nchi za baridi kali. Kanada, kaskazini mwa Marekani na kisiwa cha Hokkaido huko Japani, mtu huamka akakuta gari limefunikwa na theluji, hivyo huliwasha akiwa bado ndani ya nyumba ili injini ipate joto na kioo kiyeyushe barafu. Kwetu watu hukitaka kwa sababu iliyo kinyume: gari lililoshinda juani huwa tanuri, na dereva hutaka kiyoyozi kitangulie.

Hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Magari mengi tunayonunua Afrika Mashariki yamekwisha tumika Japani, na baadhi yametoka sehemu za theluji yakiwa na kiwashio cha rimoti kilichofungwa huko na mwenye gari wa kwanza. Rimoti hupotea njiani, kifaa hubaki. Dalili yake ni kipande kidogo cha plastiki chenye waya kilichobandikwa kwenye kona ya kioo cha mbele, au boksi lisilo la kiwandani chini ya dashibodi. Kabla ya kufunga kingine, mwambieni fundi atafute. Akikikuta kile cha zamani akiondoe kwanza na kuzirudisha nyaya kama kiwanda kilivyoziweka. Vifaa viwili vinavyotoa amri kwa gari moja ni kama mabwana wawili kwa mtumishi mmoja.

3. JE, TUNAKIHITAJI?

Swali hili lijibiwe kikaoni kabla ya swali la bei. Uzoefu wetu ni kwamba alamu nzuri inafaa karibu kila gari la mradi, lakini kiwashio cha rimoti kinafaa machache. Tazameni mambo haya.

Mafuta. Injini ndogo ya petroli ikiwa kwenye silensa na kiyoyozi kikifanya kazi hutumia takriban lita moja kwa saa. Dereva akitanguliza gari kwa dakika 15 asubuhi na 15 jioni, hiyo ni nusu saa kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni saa 13, yaani lita 13 kila mwezi bila gari kusogea hata hatua moja. Ni mafuta ya safari moja ya chanjo katika kijiji cha mbali.

Hewa ya sumu. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hulegea na kufa bila kujua kinachomuua. Gari likiwashwa ndani ya banda lililoungana na nyumba ya mapadre au bweni, hewa hiyo hupenya chini ya milango. Kufungua mlango wa banda peke yake hakutoshi. Marekani kuna familia zilizopoteza watu kwa sababu gari la kitufe liliachwa likiunguruma gereji bila mwenyewe kujua, na Toyota ilitangaza mwaka 2019 kwamba magari yake ya kitufe yatakayouzwa huko kuanzia yale ya mwaka 2020 yatakuwa yakijizima yenyewe. Kiwashio cha rimoti huongeza hatari hii, kwa kuwa kitufe kinaweza kubonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya mfuko wa kanzu.

Moto. Sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi huwa na joto kali sana. Gari lililoegeshwa juu ya majani makavu na kuwashwa kutoka mbali linaweza kuchoma uwanja wa parokia.

Gia. Kiwashio cha rimoti kisifungwe kamwe kwenye gari la gia za mkono. Likiwashwa likiwa limeachwa katika gia litaruka mbele, na aliyeko mbele yake ni mtoto wa katekesi.

Magari ya haibridi. Haya injini yake huwaka na kuzimika yenyewe kadiri inavyohitajika. Vifaa vingi vya kawaida havikutengenezwa kwa ajili yake. Nyaya zake za rangi ya machungwa hubeba umeme wa kuua, hazipaswi kuguswa na fundi asiyefundishwa.

Kamati yetu ilipoyapima haya iliamua hivi: gari la kliniki lifungwe alamu bila kiwashio cha rimoti. Kwa ajili ya joto tulinunua pazia la kukinga jua kwenye kioo cha mbele, tukapanda mti kwenye maegesho. Parokia jirani, yenye gari linalosubiri wagonjwa wa figo juani mchana kutwa, iliamua vingine, na sababu zao ziliandikwa kwenye mhtasari. Kila kamati ipime hali yake.

4. UFUNGAJI: MAMBO AMBAYO KAMATI ISIMAMIE

Hatutaki mwanakamati ageuke fundi. Tunataka ajue cha kuuliza. Mwenye kuuliza hanyimwi jawabu, na fundi mwema hufurahi kuulizwa.

Hatua ya kwanza: kifaa kilingane na gari. Fundi apewe aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasi. Vifaa vya kuwasiliana na imobilaiza huja na orodha ya magari yanayokubalika. Orodha nyingi zimeandaliwa kwa magari yanayouzwa Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa soko la Japani linaweza lisiwemo hata kama jina ni lilelile. Kama halimo, msikubali neno "tutajaribu".

Hatua ya pili: ulizeni imobilaiza itapitwaje. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kiwashio cha rimoti. Ili injini iwake bila dereva kuwemo, lazima gari liaminishwe kwamba ufunguo upo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha kielektroniki kinachojifunza msimbo wa gari na kuzungumza na kompyuta kwa nyaya za ujumbe. Ya pili, iliyo rahisi, ni kuchukua ufunguo wa akiba na kuuficha ndani ya dashibodi. Njia hii ya pili ikifanywa vibaya, gari huuona ufunguo ule saa zote. Mwizi akivunja kioo anakanyaga breki, anabonyeza kitufe na kuondoka. Mtakuwa mmelipa fedha ili kumwachia mwizi ufunguo. Zaidi ya hayo, mmepoteza ufunguo wa akiba. Tunashauri njia ya pili ikataliwe.

Hatua ya tatu: betri itenganishwe. Waya hasi wa betri uondolewe kabla ya kufungua dashibodi, na fundi asubiri dakika kadhaa. Nyaya za rangi ya njano chini ya usukani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa inayomkinga dereva ajalini. Zisikatwe, zisipimwe, zisiguswe.

Hatua ya nne: umeme wa kudumu na ethi. Waya unaotoa umeme kwenye betri uwe na fyuzi iliyo karibu na mahali umeme unapochukuliwa, siyo mwisho wa waya. Fyuzi ikiwa mbali, sehemu yote iliyo kabla yake haina ulinzi. Waya wa ethi ufungwe kwa bolti kwenye bati safi lililokwanguliwa rangi. Ethi mbovu ni chanzo kimojawapo cha alamu zinazolia usiku bila sababu.

Hatua ya tano: mahali pa kukatia umeme. Rilei ya kuzuia wizi iwekwe kwenye mkondo wa stata tu. Stata hufanya kazi sekunde chache wakati wa kuwasha, kisha hupumzika. Rilei ikiharibika, gari halitawaka likiwa limesimama, na hiyo ni adha tu. Rilei ikiwekwa kwenye mkondo unaolisha injini inayokimbia au pampu ya mafuta, ikiharibika gari huzimika barabarani. Ndiyo iliyotupata sisi mlimani. Katika magari mengi ya sasa usukani husaidiwa na umeme, hivyo umeme ukikatika usukani huwa mzito na breki hudai nguvu nyingi za mguu.

Hatua ya sita: viungo vya nyaya. Kila kiungo kilehemiwe kwa risasi au kibanwe kwa kishikizo na koleo lake maalumu, kisha kivishwe mpira unaokaza kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu kusikubaliwe. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuuchuna hulegea kwa mitetemo ya barabara zetu za vumbi. Waya unaotoka ndani kwenda kwenye injini upite katika tundu lenye mpira wa kukinga, ili bati lisiukate.

Hatua ya saba: swichi za usalama. Kama mmeamua kufunga kiwashio cha rimoti, swichi hizi haziachwi hata moja:
a) swichi ya boneti, ili injini isiwake fundi akiwa ameingiza mkono kwenye feni;
b) waya wa breki, ili anayekanyaga breki bila ufunguo aizime injini papo hapo;
c) uthibitisho wa gia ya P na, pale inapowezekana, handibreki;
d) saa ya kujizima, isizidi dakika 10 hadi 15;
e) swichi iliyofichwa ya kukizuia kifaa kisifanye kazi, itumike gari linapokwenda gereji au kuoshwa.

Hatua ya nane: king'ora. Kiwekwe mbali na ekzosi, mdomo ukitazama chini ili maji yasijae. Kitambuzi cha mtikisiko kirekebishwe. Alamu inayolia kila lori linapopita huzoeleka, na siku ya wizi hakuna atakayeinuka kitandani.

5. JARIBIO KABLA YA KULIPA

Malipo ya mwisho yasitolewe siku ya kazi, bali baada ya jaribio. Wajumbe wawili na dereva wafanye haya fundi akiwepo:

1. Washeni gari kwa ufunguo wa kawaida mara tano. Hakikisheni hakuna taa mpya ya onyo kwenye dashibodi.
2. Kaeni ndani, fungeni milango, wekeni alamu, kisha fungueni mlango kwa ndani baada ya dakika moja. King'ora kilie.
3. Kwa kiwashio cha rimoti: washeni kutoka mbali, kisha mtu asiye na ufunguo aingie na kukanyaga breki. Injini izimike. Isipozimika, kazi imekataliwa.
4. Fungueni boneti na kujaribu kuwasha kwa rimoti. Isiwake.
5. Wekeni gia kwenye N na kujaribu tena. Kwa ufungaji wetu tunadai isiwake.
6. Achieni gari liungurume nusu saa, kisha gusa boksi na viungo vya nyaya. Penye joto pana kasoro.
7. Pimeni umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Fundi aweke mita kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, asubiri nusu saa kompyuta zilale, kisha asome.

Kipimo hiki cha saba kinahitaji maelezo. Tuseme alamu inakula miliampea 30. Kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72, na kwa siku 30 ni 21.6. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza karibu nusu ya akiba yake, bado hatujahesabu saa na kompyuta za gari lenyewe. Gari linalokaa wiki nne likimsubiri dereva aliye likizo halitawaka. Jumla ya umeme unaoliwa gari likilala ikizidi miliampea 50, mwambieni fundi atafute sababu. Na gari la mradi liwashwe na kuendeshwa angalau mara moja kwa wiki.

6. ALAMU HAITOSHI

Wezi nao husoma. Watu wawili wenye vyombo vya redio wanaweza kuiba gari la kitufe bila kuvunja kitu: mmoja husimama karibu na dirisha la nyumba ambamo ufunguo umewekwa, mwingine karibu na gari. Vyombo vyao hurefusha wito wa gari hadi ndani ya nyumba, ufunguo hujibu, gari hudhani mwenyewe amefika. Mwaka 2016 klabu ya wenye magari ya Ujerumani, ADAC, ilijaribu ujanja huu kwa magari zaidi ya 20 ya makampuni mbalimbali na ikaonyesha ni rahisi kiasi gani.

Hapa alamu ya bei nafuu inaweza isisaidie kitu. Nyingi zimeungwa zijizime zenyewe gari linapofunguliwa kwa ufunguo wake halali. Mwizi akilidanganya gari, ameidanganya na alamu. Chagueni alamu yenye rimoti yake au namba ya siri yake, na ambayo msimbo wake hubadilika kila inapobonyezwa. Rimoti yenye msimbo mmoja usiobadilika inaweza kunaswa na kuigwa.

Kinga zilizo rahisi zisidharauliwe. Ufunguo ukiwekwa usiku ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mawimbi hayapiti. Jaribuni: simameni kando ya gari na kopo mkononi, mshike kitasa. Gari likifunguka, tafuteni kopo jingine. Chuma cha kufungia usukani hakihitaji betri wala kompyuta. Na mlinzi aliyelipwa mshahara wake kwa wakati ni bora kuliko ving'ora vitatu.

7. UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU

Gari la mradi ni amana. Waliochangia, awe mjane aliyetoa kuku wakati wa mavuno au mfadhili wa ng'ambo, wana haki ya kujua linavyotunzwa. Kamati iwe na jalada moja lenye:

• mhtasari wa kikao kilichoidhinisha kifaa, na sababu zake;
• risiti, jina la kifaa, na mchoro wa fundi unaoonyesha waya gani umeungwa wapi;
• idadi ya funguo na rimoti, na sahihi ya kila anayezishika;
• namba ya siri ya alamu ndani ya bahasha iliyofungwa, itunzwe kwenye sefu ya ofisi, siyo ndani ya gari;
• barua ya kuijulisha kampuni ya bima kwamba gari limeongezewa kifaa;
• tarehe ya ukaguzi wa nyaya, angalau mara moja kwa mwaka.

Mchoro wa fundi ni muhimu kuliko unavyodhaniwa. Fundi huhama mji, au hufariki. Sisi tulikaa siku mbili gari likiwa limefumuliwa kwa sababu tu hakuna aliyejua nyaya zilipita wapi. Dereva mpya naye afundishwe kabla ya safari ya kwanza: jinsi ya kuizima alamu kwa namba ya siri, na jinsi ya kuwasha gari betri ya ufunguo ikiisha. Katika magari mengi huwa inatosha kukanyaga breki, kugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha kubonyeza. Asisubiri kujifunza akiwa na mgonjwa kiti cha nyuma.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Bajeti ya gari inapoandaliwa, fungu la ulinzi na ufungaji liwemo tangu mwanzo. Fungu hilo lisipokuwepo, kamati hutafuta fundi wa bei ya chini kwa fedha za mabaki. Rahisi huwa ghali, nasi tuliyaona hayo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Gari la parokia yetu lina funguo ngapi? Ziko wapi usiku wa leo, na nani anajua?
2. Je, kuna kifaa chochote kilichofungwa kwenye gari letu ambacho hatuna maelezo yake? Nani atakikagua, na lini?
3. Gari letu huegeshwa wapi? Likiwashwa hapo kwa dakika 15, moshi unaingia chumba gani?
4. Mara ya mwisho tulipoidhinisha kazi ya fundi, tuliandika nini kwenye mhtasari? Je, mtu asiyekuwepo angeelewa tulichokubaliana?
5. Kama tungelazimika kuchagua moja mwaka huu, kiwashio cha rimoti au matairi mapya, tungechagua nini na kwa nini?

KWA KUMALIZIA

Kamati zinaweza kulisoma somo hili kwa vikao viwili: sehemu ya 1 hadi 3 katika kikao cha kwanza, zilizobaki katika cha pili, mkiwa na dereva wenu na, ikiwezekana, mkiwa mmesimama kando ya gari lenyewe. Fungueni boneti, angalieni chini ya usukani, ulizeni kila waya ambao hauonekani kuwa wa kiwandani.

Gari letu la kliniki bado linakwenda vijijini. Ile rilei iliyoungua tumeihifadhi ndani ya droo ya meza ya kikao. Kila ajenda ya matengenezo inapofika, mwenyekiti huitoa na kuiweka mezani kabla hajauliza, "Nani atakagua?"